Joto kali si kipimo cha kaushio bora

Imani kwamba kaushio la chakula lenye joto kali kuliko yote ndilo linalofaa kwa akiba ya nyumbani imedumu muda mrefu, lakini haiendani na namna chakula kinavyokauka. Kipande cha embe kikipata joto kali mapema mno, uso wake huwa gamba gumu na unyevu wa ndani hukosa njia ya kutoka. Kwa nje huonekana kimekauka, kumbe baada ya muda ndani ya chombo kilichofungwa huota ukungu, na familia iliyokitegemea kwa siku za shida hubaki mikono mitupu. Jambo hili linasikitisha, kwa sababu linaepukika.

Kinachochukua unyevu ni hewa inayopita, joto likiisaidia. Kwa hiyo unapochagua kaushio, tazama kwanza feni, kisha kidhibiti joto kinachoweza kutulia kwenye nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi, kiwango kinachofaa matunda na mboga nyingi. Nyama ya ng'ombe ni jambo lingine: ipashwe kwanza hadi nyuzi 71, kwani joto la kaushio pekee huenda lisiue bakteria.

Wasukuma wa Tanzania wanaokausha michembe, yaani vipande vya viazi vitamu, hufuata kanuni hiyo ya hewa inayopita bila umeme: viazi hukatwa vyembamba na kutandazwa penye jua na upepo.