Je, Wajua Kwa Nini Duka la Mji Mkongwe ni Jembamba?

Siku ukiwa na nafasi, pita Mtaa wa Gizenga, ule ulio nyuma ya Ngome Kongwe. Ingia duka lolote la zamani, toa salamu, kisha nyoosha mikono miwili pembeni kama fundi cherehani anayepima kitambaa. Mwenye duka atakucheka, usijali. Kutoka ncha ya kidole cha mkono huu mpaka cha mkono ule ni pima moja. Sogea upime tena, utakuta kutoka ukuta hadi ukuta ni pima moja na nusu hivi, yaani kama mita 2.7, na likiwa pana sana ni mita 3 na kitu. Urefu uko kwenda ndani: rafu, kisha pazia, kisha ghala, kisha kiua ambako paka amelala juu ya magunia.

Niliwahi kupima maduka matatu yaliyopakana. La kwanza linauza kanga na vipakti vya karafuu na mdalasini kwa watalii. La pili ni la fundi simu. La tatu siku hizi ni mkahawa wenye mashine ya kahawa ya Kitaliano na keki ya karoti, vijana wanakaa humo na kompyuta zao tangu asubuhi. Biashara hazifanani, bei ndiyo usiseme. Upana ni ule ule.

Wengi hudhani sababu ni ufinyu wa kiwanja: mji umebanwa kwenye rasi, watu walikuwa wengi, kila mmoja akachukua kipande chake. Hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Panda ghorofani katika jumba la tajiri wa zamani, mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua viwanja vitatu kwa mpigo, uingie chumba cha kulala. Ni kirefu kama behewa, na upana wake hauzidi ule wa duka la chini. Tajiri huyo hakukosa ardhi, alikosa kitu kingine.

Inua macho utazame dari. Juu ya kichwa cha muuzaji, nyuma ya panka na waya za umeme, kuna miti iliyolazwa sambamba kutoka ukuta huu hadi ule, imepakwa chokaa miaka nenda miaka rudi mpaka imekuwa kama mbavu. Hizo ndizo boriti, na ni miti ya mkoko. Katika biashara ya miti ya mikoko kila unene una jina lake: fito ndizo nyembamba, zikafuata pau, mazio, halafu boriti zenyewe, na huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Nyingine zilikatwa hapa hapa visiwani, kwenye mikoko ya Chwaka na ya pwani za Pemba. Nyingi zilikuja kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na majahazi hayo hayo yalizipeleka mpaka Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu.

Mkoko ni mti mgumu na mchwa hawaupendi. Shida ni mzigo unaobebeshwa. Dari ya nyumba ya mawe si bati. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe hushindiliwa kokoto na chokaa, tabaka nene, siku baada ya siku, zamani watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Uzito wote huo unakaa mgongoni mwa boriti. Ikiwa na mita 2.5 au 3, itaubeba kwa umri wa vizazi kadhaa. Ukiirefusha ifike mita 5, itapinda katikati, na dari itaifuata chini. Kwa hiyo fundi hakuwa na haja ya kumuuliza mwenye nyumba anataka chumba kipana kiasi gani. Alimuuliza anataka kirefu kiasi gani, maana upana ulikwishaamuliwa na mti.

Waliotaka kutoka kwenye kipimo hicho iliwabidi wawe na chuma. Sultani Barghash alipojenga Beit el Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883, aliagiza nguzo za chuma kubebea zile baraza zake pana za nje. Muuza mchele wa Kiponda hakuwa Sultani.

Na huyo muuza mchele ndiye aliyeupa mji sura yake. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Oman, katika miaka ya 1830 na 1840, wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat waliongezeka. Nyumba ya Mwarabu tajiri iliupa mtaa mgongo: ukuta mzito, mlango mmoja wa nakshi, maisha yote yakiwa uani. Mhindi mwenye biashara alitaka kinyume chake, nyumba inayoutazama mtaa. Akachukua chumba kimoja cha upana wa boriti, akaukata ukuta wa mbele wote, akaweka mlango wa mbao wenye mabawa kadhaa yanayokunjwa. Asubuhi yakikunjwa, duka zima liko wazi kama sanduku lililofunguliwa kifuniko. Familia iliishi nyuma ya pazia. Mali ikiongezeka, ikajengwa ghorofa juu, watoto wakahamia huko, na nyuma pakawa ghala. Jirani naye akafanya hivyo hivyo, na ndivyo ilivyopatikana mitaa ya maduka yaliyobanana kama meno.

Kuta zenyewe zina unene wa nusu mita na zaidi, na watu wakaufaidi unene huo. Ndani yake mna zidaka, vile vishimo vya ukutani ambavyo zamani viliwekwa vyombo vya kaure, na katika duka moja ninalolijua vimejaa chupa za mafuta ya karafuu na vocha za simu. Ukuta huo ndio unaofanya saa saba ya mchana, jua likiwa limesimama utosini, ukiingia dukani uhisi kama umeingia chini ya mwembe.

Sasa, duka la pima moja na nusu, limejaa magunia na kaunta, mteja atakaa wapi? Nje. Hapo ndipo linapoingia jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Neno letu duka limetokana na Kiarabu, dukkan, na dukkan kwa Kiarabu lina maana mbili: duka, na benchi la mawe la kukalia. Wahindi nao wanalo, dukan. Utasema waliolitumia walikuwa wakilitazama duka la Unguja, maana hapa vitu hivyo viwili vimeshikana kikweli. Mbele ya duka kuna baraza, lile benchi la mawe na chokaa lililoungana na ukuta. Mchana ni meza ya bidhaa. Alasiri ni kiti cha wazee na kahawa. Wakati wa masika, maji yakijaa uchochoroni, ni njia ya miguu, watu wanavuka kutoka baraza hii hadi ile bila kulowesha viatu. Na usiku huwa ukumbi wa kulia chakula.

Hilo la mwisho wageni huchelewa kulielewa. Wanatafuta meza. Mama muuza urojo hana meza. Ana chungu, ana seredani, ana ndoo ya kuoshea mabakuli. Anachota uji ule mwepesi wa manjano, wenye ukali wa embe mbichi na limau, anatia viazi, bajia, kachori, kipande cha yai, mishkaki miwili iliyochomolewa kwenye kijiti, anamwagia chatne ya nazi na pilipili, na juu kabisa anarushia muhogo uliokatwa mwembamba ukakaangwa ukawa mkavu. Ule muhogo uuwahi kabla haujalainika. Unachukua bakuli, unatafuta nafasi barazani, unamwambia aliyekutangulia, "Yakhe, hebu nisogelee kidogo," naye anasogea. Umeshakaa mkahawani. Kwa jirani muuza kahawa ameweka dele juu ya makaa na vikombe visivyo na mkono ndani ya bakuli la maji, na kashata kwenye sahani. Mtaji wake wote unabebeka kwa mikono miwili. Chumba kinatumika kupikia na kuwekea, kulia ni nje, na kwa nje hakuna alipaye kodi.

Ndiyo maana pia Mji Mkongwe umebaki mji wa maduka ya mtu mmoja mmoja. Duka kubwa la kujihudumia, lenye vitoroli na safu ishirini za rafu, haliwezi kuingia humu hata likija na fedha. Litaingia wapi? Kuyaunganisha maduka matatu ni kuvunja kuta mbili, na kila ukuta unaotenganisha maduka ndio huo huo ulioshika vichwa vya boriti za pande zote mbili. Ukiutoa, ghorofa mbili za juu zinakosa pa kulala. Gari la mzigo halifiki, linaishia Darajani au Malindi, na kutoka hapo ni hamali na mkokoteni, "Njia! Njia!" mpaka mlangoni. Isitoshe sheria hairuhusu. Mamlaka ya kuhifadhi mji huu iliundwa mwaka 1985, mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia, na hata kubadilisha dirisha kunataka kibali.

Halafu kuna suala la mwenye nyumba, ambalo kwetu mara nyingi si mtu mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalitaifishwa. Mengine ni wakfu, kodi ya duka la chini ikiendesha msikiti au kuwafikia wazao wa aliyeliweka. Mengine ni urithi wa ndugu ambao wawili wako Muscat, mmoja London na mmoja yuko hapa hapa, naye ndiye asiyeulizwa. Anayetaka kukodi safu nzima akutane na hao wote. Anayetaka chumba kimoja anazungumza na mmoja, analipa kilemba, ile fedha ya kuingilia chumba, anapewa ufunguo.

Kilemba ndicho kinachouma sasa. Chumba kilichokuwa cha muuza mafuta ya taa na sabuni ya mche kikigeuka duka la vinyago au mkahawa wa maziwa ya povu, anayefuata hataulizwa bei ya zamani. Mitaa kama Shangani na Gizenga imeshawaelemea wauzaji wa vitu vya nyumbani. Mwenyeji akitaka sufuria anakwenda Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, au anavuka kabisa kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Sina ugomvi na keki ya karoti, nimeila. Lakini mtaa ambao huwezi kununua kiberiti umeshaanza kuwa kitu kingine.

Na wapya nao hufundishwa na boriti kama waliotangulia. Mwaka jana duka la ami mmoja jirani yetu liliharibika dari. Mpangaji aliyepita alikuwa amepiga lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea, vichwa vya boriti mbili vikaoza ndani ya ukuta bila mtu kujua. Mpangaji mpya, kijana anayetaka kuuza juisi na mikate ya kumimina, alikuja na mchoro wenye kaunta upande mmoja na viti vya watu wanne upande wa pili. Ami akamtazama fundi, fundi akatazama dari.

"Kaunta weka," ami akasema, "viti kawaulize wenye baraza."

Boriti zikaletwa kwa mkokoteni, ndefu kuliko chumba. Fundi akapima kwa kamba, akaongeza shubiri mbili kila upande za kuingia ukutani, akakata. Kipande kilichobaki ami alikiokota mwenyewe, akakichongoa kidogo, akakipachika chini ya benchi la muuza kahawa lililokuwa likiyumba tangu Ramadhani.