Karata za Pembeni Kwenye Gemu za RPG (Gemu za Kuigiza Mhusika): Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nchi imo vitani, Geralt, mwindaji wa mazimwi unayemwongoza, anamtafuta binti aliyemlea, na kwenye kilabu cha kijiji cha White Orchard anamkuta msomi aliyekaa na karata zake mezani. Msomi yuko tayari kumfundisha Gwent, mchezo wa karata uliomo ndani ya gemu. Acheze, au apite na safari yake? Tangu The Witcher 3: Wild Hunt itoke mwaka 2015, swali hilo limezaa ushauri mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri huo inawapotosha wanaoanza. Upande mmoja husema karata ni kupoteza muda, upande wa pili husema usipocheza hujacheza gemu. Wote wawili wanamnyima mchezaji nafasi ya kuamua akijua anachochagua.

"Usipocheza karata hutamaliza gemu"

Kwa Gwent, si kweli. Hadithi kuu ya The Witcher 3 inaanza na kuisha bila Geralt kugusa karata hata moja. Ndivyo ilivyo pia kwa Pazaak ya Star Wars: Knights of the Old Republic ya 2003, na kwa Triple Triad ya Final Fantasy VIII ya 1999. Anayependa hadithi na mapigano peke yake apite meza hizo kwa amani. Hakuna alichomkosea mtu.

Tatizo ni pale kauli hii inapogeuzwa kanuni ya gemu zote. Final Fantasy IX, iliyotoka mwaka 2000, ina mchezo wa karata uitwao Tetra Master. Unaweza kuupuuza kwa muda mrefu sana, mpaka diski ya tatu inapokufikisha mji wa Treno, na huko mashindano ya karata ni sehemu ya hadithi yenyewe. Huna pa kupitia. Asiyewahi kucheza analazimika kujifunza maana ya mishale na namba zilizo kwenye karata wakati safari nzima imesimama. Kwa hiyo kabla ya kuamua kupita, ulizia gemu unayocheza inataka nini. "Ni hiari" ni jibu la gemu moja moja.

"Karata ni pata potea"

Hii ndiyo dhana inayofukuza watu wengi kuliko zote, na kwa Gwent iko mbali na ukweli. Unaanza na karata 10 mkononi, unaruhusiwa kubadilisha mbili, na kwa kawaida hupati nyingine mpaka mchezo uishe. Mshindi ni yule anayechukua raundi mbili kati ya tatu. Maana yake karata hizo 10 zinapaswa kukutosha kwa raundi zote, na kila unayoiweka mezani leo hutakuwa nayo kesho. Bahati inagawa mkono tu. Baada ya hapo kazi ni ya matumizi, na matumizi yana akili.

Anayeanza hufanya jambo moja karibu kila mara: anaona mpinzani ana pointi 40, naye anamwaga karata zake zote nzuri ili afike 45. Anashinda raundi ya kwanza, kisha anabaki na karata mbili dhidi ya sita. Mchezaji aliyeelewa angemwacha mpinzani achukue raundi ile kwa gharama kubwa, apasi mapema, yaani aache kuweka karata, kisha ashinde mbili zilizobaki kwa karata alizookoa. Kupoteza raundi kwa makusudi ni silaha halali kabisa ya Gwent, na siku unapoielewa ndipo mchezo unapoanza kuwa mtamu.

Halafu kuna majasusi. Karata ya jasusi unaiweka upande wa mpinzani, pointi zake anahesabiwa yeye, nawe unachota karata mbili kutoka kwenye fungu lako. Kwa mgeni inaonekana ni kumsaidia adui. Lakini kwenye mchezo ambao karata hazirudishwi, karata mbili za ziada zina thamani kuliko pointi chache alizopata mwenzako. Majasusi wa Falme za Kaskazini, mojawapo ya mafungu ya Gwent, ni watatu: Thaler mwenye pointi 1, Sigismund Dijkstra mwenye 4, na Prince Stennis mwenye 5. Kadiri namba ya jasusi inavyokuwa ndogo, ndivyo alivyo bora kwako.

Hata nguvu ya karata moja moja inadanganya. Blue Stripes Commando ana pointi 4 tu. Watatu wakisimama pamoja, pointi za kila mmoja zinazidishwa kwa tatu na kufika 12, jumla 36. Upande wa pili, karata ya baridi kali inashusha askari wote wa mstari wa mbele, wako na wake, mpaka pointi 1 kila mmoja, isipokuwa karata za mashujaa, ambazo haziguswi. Ndiyo maana anayejaza mstari mmoja tu huadhibiwa.

Na fungu kubwa si fungu bora. Sheria inadai angalau karata 22 za askari, na wengi huongeza kila karata mpya wanayoipata kwa kuwa ni mali yao. Matokeo yake karata nzuri zinazama katikati ya dhaifu na haziji mkononi. Kaa karibu na 22, toa zile za pointi 1 na 2 zisizo na kazi maalumu, na utaona tofauti siku hiyohiyo.

"Nitajifunza baadaye"

Unaweza, ila utalipa. Wapinzani wa mwanzo, wafanyabiashara na wahunzi wa vijijini, wana mafungu mepesi, na kila mmoja unayemshinda mara ya kwanza anakuachia karata. Mhudumu wa kilabu cha White Orchard pia huziuza. Kwa njia hiyo fungu lako linakua pamoja na ugumu wa wapinzani. Anayesubiri mpaka afike mji mkubwa wa Novigrad anakaa mbele ya watu wenye mashujaa mkononi, yeye ana karata alizopewa siku ya kwanza, kisha anasema mchezo huu si wa haki. Ni wa haki, ila alianzia ngazi ya katikati.

Kuna pia mambo yanayopita yasirudi. Usiku wa karamu ya vinyago kwenye jumba la Vegelbud kuna mashindano ya Gwent, na karamu ikiisha, yameisha nayo. Mashindano ya High Stakes mjini Novigrad yana kiingilio cha krauni 1000, na ukishindwa mechi moja misheni hiyo imekufa, kwa hiyo hifadhi mchezo wako kabla ya kila mechi. Mambo mengine yana huruma zaidi: Baron, mtawala wa eneo la Velen, akiwa ameshaondoka kabla hujamshinda, karata yake, ambayo ni yule Dijkstra, bado inapatikana ofisini mwake. Watengenezaji waliongeza pia kitabu ndani ya gemu, Miraculous Guide to Gwent, kinachokuonyesha karata ngapi umezikosa na pa kuzitafuta. Yeyote anayetaka kukusanya zote akipate mapema.

Kama hutaki kukusanya, ushauri wangu ni huu: cheza na yule msomi, cheza na watu wawili watatu wa mwanzo, kisha uamue. Ukiona haukuvutii, acha bila majuto.

"Zawadi zake ni mapambo tu"

Kwenye Tetra Master dhana hii ina ukweli mwingi, kwa sababu ukiondoa mashindano ya Treno, mchezo ule unakulipa kidogo mno. Kwenye Final Fantasy VIII ni kinyume kabisa, na nadhani hakuna karata za hiari zenye uzito kuliko Triple Triad. Mwanafunzi wa Balamb Garden anakupa karata za kwanza bure. Zote ni 110, unazipanga kwenye miraba tisa, na kila upande wa karata una namba ya kuipiga jirani yake.

Utajiri uko kwenye uwezo wa Quezacotl, kiumbe mlinzi wa kikosi chako, wa kugeuza karata kuwa vitu. Karata ya Gilgamesh inakuwa dawa 10 za Holy War, na ya Laguna inakuwa dawa 100 za Hero, zinazomfanya mhusika asidhurike kwa muda. Uzito wake unaongezeka ukikumbuka kwamba maadui wa gemu hii hupanda ngazi pamoja na kikosi chako. Kupigana ovyo kunawaimarisha wao pia. Karata zinakupa nguvu bila kupanda ngazi, na mwenye subira anaweza kuwa tishio angali mwanzoni mwa hadithi. Anayepita meza hizo atamaliza gemu, ila amefunga mlango mpana zaidi wa kujiimarisha.

Hatari yake ni kwamba Triple Triad huchukua karata za aliyeshindwa. Gwent haifanyi hivyo. Ukishindwa na mfanyabiashara unapoteza dau la sarafu tu, na karata zako zinabaki zako.

"Sheria zake hazieleweki"

Lawama hii huangukia zaidi Caravan ya Fallout: New Vegas ya 2010. Ringo wa Goodsprings anakueleza, maelezo yanakuja kama ukurasa mzito, na watu wanakata tamaa hapohapo. Kosa ni la maelezo. Unajenga misafara mitatu ya karata za kawaida, kila mmoja uwe na jumla ya kati ya 21 na 26. Namba zipande au zishuke, ila karata ya aina ileile, tuseme shupaza juu ya shupaza, inakuruhusu kugeuza mwelekeo. Mfalme anaongeza maradufu karata aliyowekewa, ghulamu anaiondoa. Weka 10, kisha 6, kisha mfalme juu ya ile 10: 26 kamili.

"Kushusha ugumu wa karata ni kudanganya"

The Witcher 3 ina mpangilio wa ugumu wa Gwent uliotenganishwa na ugumu wa mapigano. Umewekwa hapo utumike. Mtu anaweza kupambana na mazimwi kwenye ngazi ya juu kabisa na kucheza karata kwenye ngazi rahisi, akaupandisha taratibu fungu lake linapokomaa, au akauacha hapohapo mpaka mwisho.