Steringi kafa, basi ni kweli? Dhana potofu kuhusu picha za dubwana

Ukipita jioni kwenye vibanda umiza vya Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, utakuta picha zilizopigwa kana kwamba mtu kaokota kamera porini akatuonyesha kilichomo. Kamera inatikisika, watu wanahema, dubwana linapita nusu sekunde, giza. Mabishano yanaanza nje, kwenye mihogo ya kukaanga.

"Hii ni video ya kweli, wote humo wamekufa."
Hoja ya vijana si ya kijinga: siku zote steringi hafi. Kama kafa, na hata muziki hakuna, basi hiyo si maigizo. Mtafsiri naye anakoleza. Lakini tusijione washamba, Marekani walinaswa kabla yetu. The Blair Witch Project, picha ya vijana wanaomsaka mchawi msituni, ilipotoka mwaka 1999, zilisambazwa karatasi za "wamepotea" zenye sura za waigizaji watatu, waliotumia majina yao halisi. Mama wa mmoja akaletewa kadi za rambirambi, binti yake mzima wa afya! Waigizaji wenyewe ndio walioshika kamera, msituni Maryland, siku 8 hivi, wakipunguziwa chakula ili wachoke na kununiana. Uchovu unaouona pale ni wa kweli. Mchawi ndiye hayupo. Italia nako, baada ya picha ya Cannibal Holocaust ya 1980, mwongozaji Ruggero Deodato alishukiwa kuua waigizaji wake mpaka akalazimika kuwaleta wakiwa hai. (Wanyama wa humo, bahati mbaya, waliuawa kweli.)

"Ukitapika, ujue picha ina jini."
Ni sikio tu. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo wa mwili. Macho yanasema tunakimbia, sikio linasema tumekaa kwenye benchi. Ubongo unavurugika, jasho jembamba linatoka, moyo unachafuka. Watu wa Kibirizi, kwenye boti za Ziwa Tanganyika, wanalijua hili kinyumenyume: ukijifungia ndani ya boti, mwili unayumba huku macho yanaona ukuta umetulia, unatapika, ukitoka nje ukatazama milima ya Kongo kule ng'ambo, unapata nafuu. Kibandani hamia benchi la nyuma, macho yatulize kwenye nguzo. Cloverfield, picha ya dubwana yenye kamera ya kutikisika, ilipotoka mwaka 2008, baadhi ya kumbi za Marekani zilibandika onyo la kichefuchefu.

"Inatikisika kwa sababu hawana hela."
Wengine kweli hawana. Paranormal Activity ilipigwa nyumbani kwa mwongozaji, kwa dola 15,000 hivi. Cloverfield ilikula mamilioni, na bado inatikisika. Dubwana usiloliona vizuri unalimalizia mwenyewe kichwani.

"Mtoto aachwe aangalie, akaze roho."
Hapa nina ugomvi. Mpwa wangu wa miaka sita aliangalia moja kwenye simu ya kaka yake, na wiki nzima godoro likawa linaanikwa kila asubuhi. Umri huo bado anahangaika kutenganisha maigizo na kweli, na picha hizi zimetengenezwa makusudi ili hata mtu mzima ashindwe. Kumwambia "si kweli" hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni siku niliyompa simu akimbie nayo akipiga kelele kuzunguka banda la kuku, mimi nikimfukuza nimejifunika shuka. Tulipoitazama, hata mimi nilishtuka kidogo.

Bibi yake akachungulia, akauliza: "Sasa kama mmeliwa wote, hiyo simu kaileta nani?"