Pikipiki ya porini kwa anayerudi: ipime kwanza ikiwa imelala chini

Kila mwaka mvua zinapokatika mwezi wa nne, majani yakaanza kukauka kando ya barabara za Kipushi na Kasenga, karakana yangu hapa Lubumbashi hutembelewa na watu wa rika langu wenye ombi linalofanana. Walipokuwa vijana waliendesha pikipiki za porini, wengi wao zile Yamaha DT 125 za mapigo mawili, kisha ndoa, watoto na kazi za migodini zikawaweka mbali na usukani kwa miaka kumi na mitano au ishirini. Sasa watoto wamekua, akiba kidogo ipo, hamu imerudi, nao wanataka kujua wanunue pikipiki ipi ya kupita katika njia nyembamba za msituni. Nimeona fedha nyingi zikipotea na miguu kadhaa ikivunjika kwa sababu ya ushauri mbaya, ndiyo maana naliandika jibu langu hapa kwa ukamilifu.

Mtu anayerudi huikumbuka pikipiki ikiwa inakimbia. Anakumbuka sauti ya injini na upepo kifuani, naye huchagua kwa kumbukumbu hiyo. Katika njia zetu, hata hivyo, sehemu kubwa ya siku huenda kwa gia ya kwanza na ya pili, na kinachomchosha mtu ni kusimama, kugeuza, kusukuma na kuinua. Kwa hiyo mimi huipima pikipiki ikiwa imelala chini kabla ya kuipima ikitembea.

Mwaka jana alikuja papa mmoja (ndivyo tunavyowaita akina baba huku) wa miaka 51, mhasibu, ambaye alikuwa amekwisha kupatana bei ya pikipiki ya motokrosi, yaani ya mashindano ya porini, ya cc 450. Ilikuwa nzima na safi, sikuwa na neno la kuisema vibaya. Nilimwomba ailete uani, nikailaza ubavu wa kushoto juu ya nyasi, nikamwambia, “Papa, iinue.” Mara ya kwanza aliiinua bila taabu, maana pikipiki hizo ni nyepesi, kilo 110 hivi. Nikailaza tena, na tena. Mara ya nne aliishia nusu, akaiachia taratibu, akashika magoti yake akitafuta pumzi.

“Fundi, nimeelewa.”

“Bado, papa. Pumzika kidogo, kisha uipande.”

Alipoipanda, kiti kikiwa karibu sentimita 96 kutoka ardhini, ncha ya kiatu kimoja tu ndiyo iliyogusa chini, na hapo tulikuwa kwenye uwanja uliosawazishwa. Siku ya matembezi mtu anayerudi ataanguka mara tano au sita kwa mwendo mdogo, na hilo si aibu. Aliyeishiwa nguvu kwenye anguko la tatu ndiye huvunjika mguu kwenye la nne.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Baada ya kukaa miaka tisa bila kuendesha, nilinunua pikipiki yenye kiti cha juu kwa sababu niliwahi kuitamani ujanani, nikaingia nayo katika njia ya wachoma makala (makaa) upande wa Kasenga. Wote wanaoijua miombo ya huku wanajua kinachobaki baada ya miti kukatwa: visiki vya kimo cha goti, vilivyofichwa na majani marefu. Niliona kimoja kwa kuchelewa, nikafunga breki, pikipiki ikasimama vizuri kabisa. Nikashusha mguu wa kushoto kutafuta ardhi, nikakuta upande ule umeshuka kwa kiasi cha shubiri moja. Shubiri hiyo moja ndiyo iliyoniangusha, kanyagio likanitua juu ya mfupa wa muundi, na kovu ninalo hadi leo. Tangu hapo ninamwambia kila mteja kwamba kwenye uwanja sawa anapaswa kukanyaga kwa sehemu yote ya mbele ya nyayo, miguu yote miwili, akiwa amevaa viatu vyake virefu vya kuendeshea.

Kipimo cha kiti kilichoandikwa kwenye karatasi kisikutishe wala kisikudanganye, kwa sababu pikipiki hushuka unapoikalia. Yamaha TT-R230 ina kiti cha sentimita 87 na springi laini, kwa hiyo mtu wa urefu wa wastani huitawala. Honda CRF250F, iliyotoka mwaka 2019, ina sentimita 88 na uzito wa kilo 120 hivi ikiwa na mafuta. Zote mbili zina injini ya mapigo manne inayopozwa kwa hewa na huwashwa kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo kijana hulidharau lakini mtu wa miaka hamsini, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kwenye mteremko, hulishukuru. Anayehitaji pia kufika kazini kwa pikipiki hiyohiyo anaweza kutazama Honda CRF300L ya mwaka 2021 na kuendelea, ila akumbuke kwamba ina kilo 142, na zile kilo ishirini na kitu za ziada atazihisi kila inapolala. Yamaha XTZ 125 haina nguvu nyingi, lakini ni nyepesi, kiti chake ni sentimita 84, na kwa mwaka wa kwanza wa kurudi ninaipenda kuliko nyingi zenye majina makubwa. Yamaha AG200, ambayo wengi wetu tumeiona ikiwabeba mapadri na waganga vijijini, ni nzito kugeuza na breki zake ni za ngoma, lakini cheni yake imefunikwa kabisa, na kwa vumbi letu huo ni utajiri.

Kuhusu injini, ninazingatia jinsi nguvu inavyokuja kabla ya kuuliza ni nyingi kiasi gani. Ya mapigo mawili hulipua mafuta kila mzunguko mmoja wa mhimili, ya mapigo manne kila mizunguko miwili. Ndiyo maana ya kwanza ni nyepesi na kali kwa ujazo uleule. Ukali huo, hasa katika zile ndogo za cc 125, hukaa kwenye mizunguko ya juu ya injini: chini hupati kitu, kisha ghafla unapata chote. Mkono uliosahau klachi kwa miaka kumi na mitano hauwezi kuudhibiti kwenye njia ya upana wa tairi la baiskeli. Zile za mapigo mawili za cc 300 za enduro, yaani za safari ndefu za porini, kama za KTM ambazo tangu matoleo ya 2018 zinanyunyiziwa mafuta kwa kompyuta, huvuta kwa upole hata kwa mwendo mdogo, na ni pikipiki nzuri sana, lakini kiti chake kiko juu kama cha motokrosi na vipuri vyake sivioni Lubumbashi. Motokrosi ya cc 450 ina zaidi ya nguvu za farasi hamsini na hubeba oili kidogo sana, kwa hiyo matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za kazi, na kuibadilishia oili kila baada ya matembezi machache ni lazima. Mtu anayetaka kutoka Jumamosi na kupumzika Jumapili hahitaji mzigo huo.

Jiji letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake hapa. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa pwani hunywa mafuta kupita kiasi ikifika huku, plagi ikawa nyeusi kama makala; wengi huihukumu kuwa mbovu, na dawa yake ni jeti (kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta) ndogo zaidi tu.

Adui mkubwa kuliko mwinuko ni vumbi. Kuanzia mwezi wa sita udongo mwekundu husagika ukawa laini kama unga wa muhogo, ukipita kwenye kila uwazi. Unapokagua pikipiki iliyotumika, fungua kiti, toa chujio la hewa, kisha pitisha kidole chako ndani ya mpira unaoelekea kwenye injini, yaani upande uliopaswa kuwa safi. Kidole kikitoka chekundu, mshukuru mwenye pikipiki na uende zako, kwa sababu silinda na ringi zimekwisha kulishwa mchanga, hata kama rangi inang'aa. Shika pia injini kwa kiganja kabla haijawashwa: ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha kukuficha namna inavyowaka asubuhi. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyolegea hulia kwa sauti nzito kuliko wenzake. Namba ya fremu ilingane na karatasi za forodha, la sivyo hata bei ya bure ni ghali.

Majira ya mvua ni habari nyingine. Kwenye dambo, yale mabonde ya majani yenye udongo mweusi, meno ya tairi hujaa matope, likawa kama halina meno ndani ya dakika chache, na uzito wa pikipiki unaanza kukuhesabia deni. Mimi hupunguza upepo wa tairi hadi bari 0.9, na kiangazi hurudi kwenye bari 1 au zaidi kidogo kwa sababu ya mawe na visiki, nikitumia tyubu nene. Bamba la kulinda injini na kinga za mikono ninaziweka kabla ya pambo lolote.

Kisha springi. Pikipiki nyingi za Kijapani hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mtu wa kilo 70 hadi 75, na wengi wetu tuliozipita kilo hizo tulizipita zamani. Kubadilisha springi ya nyuma ni nafuu kuliko kubadilisha pikipiki, nako huondoa ile hali ya kugonga chini kwenye kila shimo.

Yule papa mhasibu aliiacha ile 450, akanunua TT-R230 iliyotumika. Matembezi yake ya kwanza tulikwenda pamoja, na kilomita chache baada ya lami kuisha tulikutana na mzee anayesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makala, njia ikiwa haina nafasi ya wawili. Papa alizima injini, akaiegemeza pikipiki kwenye kichuguu, akakanyaga chini kwa miguu yote miwili.

“Jambo yenu, papa. Pita.”

“Jambo sana. Aksanti, batoto.”

Baada ya wiki tatu alirudi karakana, pikipiki ikiwa na matope hadi kwenye kiti, akaniomba nimwekee gurudumu la mbele la cheni lenye meno 12 badala ya 13, ili gia ya kwanza itambae polepole zaidi kwenye mteremko wa mto Kafubu.