Jina la Bourbon kwenye gunia la kahawa

Katika kazi yangu ya kuonja kahawa, wakulima huniuliza mara kwa mara kwa nini mibuni yao inaitwa Bourbon, jina ambalo wengi wamelisikia kwenye chupa za pombe kali. Asili yake ni ukoo wa kikabaila wa Ufaransa, wenye chimbuko Bourbon-l'Archambault, uliotwaa kiti cha ufalme mwaka 1589 kwa Henri IV, na ambao wazao wake ni wafalme wa Hispania hadi leo.

Kwetu, hata hivyo, jina hilo lilipitia kisiwani. Mwaka 1649 Wafaransa walikiita Bourbon kisiwa kilichoko mashariki ya Madagaska, na mwaka 1715 ikapelekwa huko mibuni kutoka Yemeni. Mashamba yalilimwa na watumwa, na katika karne ya 18 baadhi yao walinunuliwa Kilwa, jambo ambalo kwa maoni yangu halipaswi kuachwa kila hadithi ya kahawa hii inaposimuliwa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoung'oa ufalme, kisiwa kikabadilishwa jina mwaka 1793 kuwa Réunion, lakini mibuni ikabaki na jina la watawala waliopinduliwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ndio walioileta pwani, na baadaye ikapandishwa hadi Kilema, Kilimanjaro.

Shambani utaitambua kwa majani machanga ya nchani, ambayo ni ya kijani, ilhali ya Typica, aina nyingine ya mibuni, huwa na rangi ya shaba. Kikombe chake ni kitamu na laini, ndiyo maana Rwanda na Burundi zimeing'ang'ania, ingawa chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani huishambulia vikali.

Vanila ya Bourbon nayo imetajwa kwa kisiwa hichohicho, ambako mwaka 1841 Edmond Albius, mtumwa mwenye umri wa miaka 12, aligundua namna rahisi ya kuchavusha maua yake kwa mkono. Leo jina hilo hutumika pia kwa vanila ya Madagaska na Komoro.

Whiski ya bourbon ni ya Marekani, hutengenezwa kwa nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi, na sheria huitaka ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Mapipa yaliyokwisha kutumika huuzwa, na baadhi ya wafanyabiashara hulaza humo kahawa mbichi ili inukie pombe. Kahawa hiyo huitwa bourbon hata kama mbegu yake ni ya aina nyingine kabisa, kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza kinachotajwa ni mbegu au pipa.