Gumba la Mcheza Gemu: Maswali na Majibu Kuhusu Pedi na Mikono

Mwezi wa saba Arusha hakukaliki nje. Ukungu umeshuka kutoka Meru, kila mtu na sweta lake, na machalii wamejazana kwenye vibanda vya gemu, kila mmoja na pedi mkononi, yaani kile kidude chenye vitufe cha kuchezea. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na kwangu baridi hii ndiyo msimu wa magumba. Maswali haya mengine nimeulizwa kazini, mengine kwenye kibanda kimoja cha Ngarenaro nikiwa nimesimama mlangoni namsubiri mpwa wangu amalize mechi yake.

Shikamoo dokta. Huku chini ya gumba, karibu na kifundo cha mkono, panauma wiki ya tatu sasa. Hata kushika kikombe cha chai shida. Ni pedi, au niliulalia mkono?

Marahaba. Mkono uliolaliwa hauumi wiki tatu. Gumba linavutwa na kano, na mbili kati yake hupita kwenye mfereji mwembamba pembeni mwa kifundo. Ukilisukuma gumba huku na huku kutwa nzima, ngozi ya ule mfereji inanenepa, kano zinakosa nafasi, kila ukinyanyua kitu zinakwaruzana. Ugonjwa huu unaitwa de Quervain, kwa jina la daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895, wakati hata televisheni haijakuwepo. Kina mama wenye watoto wachanga wanaufahamu vizuri, kwa ule unyanyuaji wa mtoto kwa makwapa.

Jipime hivi: kunja gumba, lifunike na vidole vinne, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Fanya na mkono mwingine pia, maana hata mkono mzima huvuta kidogo. Kama huu unaoumwa unakurusha kwenye kiti, njoo tuuangalie.

Na usidhani ni jambo la vijana wa leo. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani aliandika kwenye jarida la kitabibu habari za mwanamke wa miaka 35 aliyecheza Nintendo saa 5 bila kupumzika, akaishia na gumba linalouma. Ugonjwa akauita Nintendinitis.

Pedi ipi haiumizi?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na wengi wanataka niwatajie kampuni. Siwatajii. Pedi ni kama kiatu, kinachonitosha mimi kitakubana wewe.

Chukua za PlayStation, mashine ya gemu iliyojaa mitaani kwetu. Ya PlayStation 4 (PS4) ina uzito wa gramu 210 hivi. Ya PS5 inafika gramu 280, yaani imepita robo ya sukari, na vishikio vyake vimenona. Mwenye kiganja kikubwa ya PS4 humkunja vidole kama ameshika yai, na misuli ya kiganja inachoka haraka. Akishika ya PS5 anapumua. Mwenye mkono mdogo mambo yanageuka: pedi kubwa inamlazimu anyooshe gumba hadi mwisho ili aifikie analogi, kile kijiti cha kuelekeza mchezaji, na gumba lililonyooka hivyo ndilo linalovuta zile kano nilizozitaja.

Xbox, mashine nyingine ya gemu, nao walijifunza kwa njia ngumu. Pedi yao ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa kubwa mno hadi watu wakaibandika jina la Duke, na haikuchukua muda wakatoa ndogo zaidi. Kitu kingine, kwenye Xbox analogi ya kushoto imekaa juu, mahali gumba linapotua lenyewe. Kwenye PlayStation analogi zote mbili ziko chini, katikati, kwa hiyo magumba yanaingia ndani kidogo. Wapo wasioona tofauti yoyote. Wapo ambao nimewashauri wabadilishe na maumivu yakapungua.

Kabla ya kununua, ishike. Kiganja kitulie kwenye kishikio, kisha gumba liguse vitufe vya eksi, mraba, pembetatu na duara. Kama kiganja kinabanduka ili gumba lifike, hiyo siyo saizi yako, hata kama muuzaji anakuapia.

Lakini dokta, kibandani hatuchagui. Unapewa iliyopo.

Kweli kabisa, na iliyopo mara nyingi imechoka. Niliishika moja pale Ngarenaro: mpira wa analogi umeliwa umebaki plastiki tupu, na kitufe cha kukimbia hakishiki mpaka ukikandamize. Chalii aliyekuwa anaichezea kucha zilikuwa zimekuwa nyeupe kwa kukaza. Pedi mbovu inaumiza kuliko pedi kubwa, kwa sababu unatumia nguvu mara mbili kwa kazi ileile. Mwenye kibanda akibadilisha zile raba za juu, anawasaidia wateja wake kuliko mimi na dawa zangu.

Halafu kuna sheria yenu ya anayefungwa anatoka. Mmeshaona inamfanyia nini anayeshinda? Aliyefungwa anapumzisha mikono dakika ishirini kwenye benchi, bingwa anapiga mechi ya nane mfululizo. Ndiyo maana wanaokuja kwangu karibu wote ni wakali. Bingwa, ukimaliza mechi ya tatu mpe mtu pedi, simama, ingiza mikono mfukoni ipate joto. Mkono wa baridi ni mgumu, na mgumu huumia upesi.

Mwanangu ana miaka 8, anacheza na pedi ya kaka yake. Nimkataze?

Mama, usimkataze kwa sababu ya pedi. Mtazame anavyoishika. Mtoto ambaye mikono haimtoshi huiweka pedi mapajani na kuibonyeza kwa vidole vya shahada, na shingo anaikunja. Mtafutie ndogo, zipo zilizotengenezwa kwa mikono ya watoto. Suala la saa ngapi acheze ni lenu nyumbani, ila akianza kuficha mkono au kuandika kwa shida, mlete.

Vidole vinakufa ganzi. Ni damu haitembei?

Mara nyingi siyo damu, ni neva. Niambie ni vidole vipi. Ganzi ya gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete inatokana na neva inayobanwa kwenye kifundo, hasa ukicheza umekikunja. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya pili ya cha pete, tazama kiwiko: unakaa benchi chini, umeegemeza viwiko magotini saa nzima. Nyoosha mikono, kaa juu kidogo. Ganzi inayokuamsha usiku, au mkono unaoanza kuangusha vitu, isikae nyumbani, nenda hospitali.

Nimechua na dawa ya kuchua, nimekunywa diklofenaki za duka la dawa. Bado.

Acha kuchua kwa nguvu palipovimba, unachokoza. Diklofenaki za kujinunulia kila siku zitakuachia tumbo linalowaka, na mwenye vidonda vya tumbo asiziguse bila kuandikiwa. Barafu kwenye kitambaa dakika 10, mara mbili tatu kwa siku. Vaa kishikizo cha mkono, ile bandeji ngumu ya kuutuliza, kinachokamata na gumba lenyewe. Kile cha kifundo peke yake kwa de Quervain hakina kazi. Wiki mbili tatu bila nafuu, ipo sindano ya kupunguza uvimbe, na wachache huishia kupasuliwa kidogo ili ule mfereji ufunguke.

Nikikaa wiki tatu bila kucheza, si nitarudi wote wananifunga?

Watakufunga. Mpwa wangu walimfunga nne bila siku aliyorudi, na akatoka kibandani ameshika mkate wa mama yake kwa mkono uleule uliokuwa haushiki kikombe.