Je, wajua? Krispi za chumvi na siki hazinyunyiziwi siki

Ukifungua pakiti ya krispi za chumvi na siki, harufu hukufika puani kabla mkono haujaingia ndani. Ni rahisi kuamini kwamba kiwandani kuna mashine inayozinyunyizia siki kama ile ya chupa. Hesabu ndogo inatosha kuliangusha wazo hilo.

Krispi zilizokaangwa vizuri hubaki na takriban gramu 2 za maji kwa kila gramu 100, ndiyo maana huvunjika kwa mlio. Siki ya kawaida ina kama asilimia 5 ya asidi asetiki. Iliyobaki karibu yote ni maji. Ukitaka nusu gramu tu ya asidi, utamwagia gramu 10 za siki, na maji yatakuwa yameongezeka kwa gramu 9.5. Krispi zitalegea kama karatasi iliyonyeshewa. Kuzikausha upya hakusaidii, kwa sababu asidi hiyo ni tete na sehemu kubwa itaondoka na mvuke. Chipsi za moto ni habari nyingine: ndani zina maji tayari, na Waingereza walizimwagia siki miaka mingi kabla ya kampuni ya Smith's kusambaza krispi za ladha hiyo nchini mwao mwaka 1967.

Kinachotumika sana ni unga mweupe uitwao sodiamu daiasetati, ambao pakitini huweza kuandikwa E262. Ndani yake, kila molekuli ya asidi asetiki imeshikwa na molekuli moja ya sodiamu asetati, yaani chumvi ya asidi hiyohiyo. Ni kama hamira kavu: pakitini imelala, ikiguswa na maji inaamka. (Hamira ina uhai, unga huu hauna, mfano unaishia hapo.) Mate yakiugusa, mshiko huachia na asidi humwagika ulimini palepale. Takriban asilimia 40 ya uzito wake ni asidi ya kuachiwa, kwa hiyo nusu gramu ileile hupatikana kwa gramu 1.25 za unga, bila tone la maji. Mshiko wenyewe si wa chuma: asidi kidogo huponyoka, na ndiyo harufu ile ya kwanza.

Unga huchanganywa na chumvi laini, mara nyingi pia asidi ya maliki au ya sitriki, kisha hunyunyizwa ndani ya pipa linalozunguka, krispi zikiwa bado moto. Mafuta ya juu ndiyo gundi. Zikipoa kabla ya kunyunyiziwa, unga hudondoka na kujikusanya chini.

Utamu wake? Uchachu huita mate, na mate husuuza utando wa mafuta mdomoni. Husemwa asidi "inakata mafuta", lakini haiyayeyushi hata kidogo.

Nyumbani, chemsha vipande vya viazi vya milimita 2 kwa dakika 3, siki na maji nusu kwa nusu. Siki huzuia pektini, gundi ya asili inayoshikilia kiazi, kulainika, hivyo havimeguki. Vikaushe kabisa kabla ya kukaanga, la sivyo mafuta yatafura na kuruka. Ladha itakuwa ya upole: asidi nyingi huishia kwenye mvuke wa kikaangio.